Namna ya Kutua Uluguru Ukiwa Huna Mzigo

Mwongozo huu ni wa mtu asiyebeba kitu lakini amechoka. Wanaobeba hawauhitaji, wao walijua pa kutua tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Unakuhusu wewe uliyekaa Dar es Salaam wiki nzima ukikodolea macho kompyuta, shingo ikakaza, usingizi ukapaa, hadi jirani akakuonea huruma na kukwambia: nenda Moro, kapande mlima, upumzike juu kule. Jirani hakukosea. Tatizo ni kwamba aliishia hapo, kana kwamba kupumzika juu ni suala la kufika na kukaa. Kuna utaratibu. Kuna vyeo. Kuna waliokutangulia, wengine wana manyoya na wengine walikuwa na bendera.

Tuanze na kitenzi, maana ukipanda bila kitenzi utashuka hujui ulikwenda kufanya nini. Kitenzi chenyewe ni kutua. Ndege hutua tawini. Jua hutua nyuma ya milima. Mshahara hutua kwenye simu mwisho wa mwezi, ukazubaa kidogo, ukaruka kwenda kwa mwenye nyumba. Mshambuliaji mpya hutua Msimbazi au Jangwani, kwa mujibu wa magazeti ya michezo, ambayo sijawahi kuyaona yakiandika kwamba mchezaji amefika tu. Bidhaa za Kariakoo nazo haziletwi, zinatua: mzigo umetua, wahi. Na mtu aliyebeba ndoo, gunia au mkungu wa ndizi, nguvu zikimwishia, hutua. Humo humo tukapata kituo cha basi, kituo cha polisi na kituo cha mwisho wa sentensi, mahali patatu ambapo hakuna aliyewahi kupumzika vizuri.

Sasa tazama mwelekeo. Karibu wote hao, wakitua, wanakuja chini. Ndege anatoka angani, jua linatoka utosini, gunia linatoka kichwani. Wewe ndiye unayetaka kutua kwa kupanda. Umebuni matumizi mapya ya neno la zamani, na kama wabunifu wengine itakubidi ujigharimie.

Kufika si kazi tena. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakuchukua Dar na kukutua Kihonda, Morogoro, kwa muda ambao, siku ya foleni, usingekutosha kutoka Kariakoo hadi Kibaha. Kwa treni, kama ulivyosikia, wewe ndiye mzigo, usikasirike. Ukitoka stesheni usiulize mlima uko wapi. Umeziba upande wote wa kusini. Kile kilele kilichouinamia mji ni Lupanga, zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hapo ulipo wewe ni kama mita 500. Fanya hesabu hiyo kabla hujawatangazia watu kwa simu kwamba utakwenda kileleni na kurudi kula mchana. Kusini zaidi kuna Kimhandu, kinachopita mita 2,600, lakini kile hakipumzikiwi, kinapandwa, na mwongozo wake aandike mtu mwingine mwenye mapafu.

Dereva wa bajaji atakukaribisha mji kasoro bahari, yaani mji wenye kila kitu isipokuwa bahari. Mwitikie kwa heshima. Bahari ipo, sema imepitia njia ya juu, tutaikuta mbele.

Mgeni mstaarabu huanzia Morningside. Unapita maeneo ya Boma, unaipita Rock Garden ambako mto unashuka juu ya mawe na watu wa mjini wanapumzika chini kwa bei ya soda, halafu njia inaanza kukunja na kukudai pumzi. Mbele yako, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, kuna nyumba kuukuu. Ilijengwa na Wajerumani, ina jina la Kiingereza, na imesimama katika mlima wa Waluguru. Ukitaka historia ya Tanganyika kwa ufupi, hiyo hapo, na ina mandhari.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Wenye reli hawakuchelewa kugundua kwamba bondeni kuna joto na mbu, na juu kuna baridi na maua. Hapo ndipo kupumzika juu kulipoanza kuwa shughuli rasmi. Kabla ya hapo watu waliishi juu tu, bila kujua kwamba wanapumzika. Tena Wazungu wengi wa zama zile walisafiri kwa machela: mtu mmoja amejilaza, wenzake wamembeba mabegani, wakipokezana. Huo ndio utuaji uliokamilika, maana mtu anakuwa ametua hata kabla hajafika. Sisi wa leo tumebaki na bodaboda, inayokupandisha hadi injini iseme basi, kisha kijana wa watu anageuza na kukutakia safari njema kwa macho ya mtu anayejua kilichobaki.

Kuhusu mavazi, vaa viatu vyenye meno, koti lisilopitisha maji, fimbo mbili za aluminiamu na begi lenye mrija wa kunywea. Ukikamilika hivyo utapitwa na mwanafunzi mwenye kandambili anayetafuna muwa. Mwache apite. Yeye anakwenda nyumbani, wewe unakwenda kupumzika, na kupumzika ni kuzito.

Ukifika juu, keti kwenye majani, geukia mji, vuta hewa. Mji utauona wote: mabati, misikiti, makanisa, mashamba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, bwawa la Mindu likimeta kwa mbali. Utapata hamu ya kusema jambo. Sema lolote, ila usiseme "hewa safi" mbele ya mtu anayepalilia karoti. Atakuitikia kwa adabu, lakini hewa hiyo anaivuta tangu azaliwe na hakuna dalali aliyewahi kuja kumnunulia kwa kilo.

Sasa vyeo. Cheo cha kwanza cha kutua juu ni cha ndege, na mwalimu mkuu wao ni mmoja ambaye hutamwona. Ana kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, na duniani kote makazi yake ni misitu ya Uluguru basi. Wataalamu walimwingiza vitabuni mwaka 1927 kwa jina la Malaconotus alius. Anakaa juu kabisa, kwenye vilele vya miti mikubwa, kwa hiyo watu wanaovuka bahari kuja kumtafuta hushinda chini yake wamepinda shingo, wanasikia sauti, wanaiandika kwenye daftari, wanarudi kwao wameridhika. Jifunze kwake. Hana picha ya wasifu, hatangazi alipo, na ndiye anayetafutwa kuliko wote mlimani.

Jirani yake ni chozi mdogo wa kifua cha kung'aa anayeitwa kwa jina la Loveridge. Arthur Loveridge alikuwa Mwingereza aliyeizunguka Tanganyika miaka ya 1920 akikusanya nyoka, vyura, ndege na chochote kilichochelewa kukimbia, na mwaka 1922 chozi huyu wa Uluguru akabatizwa jina lake. Chozi hakuulizwa. Alikuwa akinyonya maua yale yale, na aliendelea. Ila mgeni ajue: ukitua mahali pazuri kwa utulivu, mwishowe atapita mtu akuandike kwa jina lake.

Kuwafuata hao msituni kunataka kibali. Tangu mwaka 2008 msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Lipa, pokea risiti, chukua na mwongoza wageni, na ukimwona kima anakutazama usimwonyeshe risiti. Yeye ni mkazi.

Cheo cha pili ni cha mawingu, na hapa tupunguze utani kidogo kwa sababu maji ya kwako yamo humu. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unaipita Pwani yote bila kusimama, unaikuta Uluguru imekaa njiani. Hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unashindwa kuendelea kubeba, unatua. Kumbe basi yuko mwingine anayetua kwa kupanda, hukubuni peke yako. Tofauti ni moja tu: upepo ulikuja umebeba.

Kwa sababu hiyo upande wa mashariki, Kinole, Tegetero, Matombo, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, na watu wana migomba, mdalasini, pilipili manga na karafuu, wakati upande wa magharibi, kuelekea Mgeta, upepo unafika umeshachoka na mikono mitupu, watu wakatengeneza mifereji ya kumwagilia mboga. Maji yanashuka kwa mito mingi midogo hadi Ruvu, na Ruvu inakwenda Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu unavuta maji hayo tangu mwaka 1959. Mtu wa Kimara anayefungua bomba na kupata upepo mtupu anakuwa amepokea nusu ya bidhaa: upepo umefika, mzigo wake umebaki njiani. Aliye ghorofa ya nne amebaki na jina tu, Ruvu Juu, maana juu kwenyewe maji hayapandi.

Cheo cha tatu kimeshikwa na minara ya Bondwa. Iko kileleni, zaidi ya mita 2,100, inasambaza mawimbi ya redio na simu, haishuki, haichoki. Nafasi iliyoikalia ndiyo nzuri kuliko zote. Mgeni aliyepanda kuikimbia simu hufika pale, ananyanyua uso, anagundua ameifuata kwao.

Cheo cha nne, na cha chini kabisa, ni cha watu wanaoishi huko.

Waluguru, watu ambao hata jina lao ni la mlima, wamekaa katika miteremko hiyo vizazi na vizazi. Ardhi yao kwa mila inafuata upande wa mama; shamba ni la ukoo, na ukoo unampata mtu kwa mama yake, jambo ambalo limewashangaza maofisa wa serikali mbalimbali waliozoea kuuliza "baba mwenye shamba yuko wapi?" Kwa zaidi ya miaka mia moja, kila aliyepanda kupumzika aliwakuta na kushtuka: ninyi huku mnafanya nini? Mjerumani alichora mipaka ya msitu mwaka 1909, juu ikawa ya miti, chini ya mstari ikawa ya watu. Mwenyeji akajifunza kwamba kuna usawa wa mlima ambao akiuvuka anakuwa mhalifu, na mgeni akiuvuka anakuwa mtalii.

Halafu Mwingereza naye akaandika mwongozo. Ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950, uliitwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, na haukuwa wa kejeli hata kidogo. Wataalamu walitazama miteremko wakaona mvua inashuka na udongo. Hilo lilikuwa kweli. Wakaamuru mlima uchimbwe matuta ya ngazi, kila mwenye jembe na kipimo chake, asiyetimiza atozwe faini. Walioinama zaidi walikuwa wanawake. Penye udongo mwembamba, ngazi ilifukia udongo wenye rutuba na kuufunua ule uliokufa, mahindi yakatoka ya kusikitisha. Isitoshe, wengi walikuwa wakilima ardhi ya ukoo wa wengine kwa ruhusa, na mtu akichimba ngazi ya kudumu kwenye shamba la kuazima, wenye ukoo wanaanza kumtazama kwa jicho la pili. Hayo kwenye ramani hayakuonekana. Ramani ilionyesha mteremko, na mteremko ulihitaji ngazi.

Mwaka 1955 watu walijaa Matombo kukataa. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukasimamishwa. Waswahili walishasema mpanda ngazi hushuka. Mchimbisha ngazi naye alishuka, na baada ya miaka sita akashusha na bendera.

Usiondoke hapo na jibu rahisi, kwamba ngazi ni mbaya. Nenda Mgeta uzione zipo hadi leo, zimepangwa kwa ustadi, zina kabichi, karoti na njegere. Kule mboga zinalipa, na mtu anayeona faida huchimba bila kusimamiwa. Jembe ni lile lile, mlima ni ule ule, ila bwana shamba wa kikoloni alitaka ngazi kwanza, faida ije ikitaka.

Siku hizi lawama imebadilisha sauti tu. Kiangazi, moto ukionekana usiku mlimani, mji mzima unasimama vibarazani na kutikisa kichwa: hao wa juu wanamaliza mlima. Wanaosema hivyo wana chungu jikoni, na chungu kiko juu ya mkaa, na mkaa huo haukuvuliwa baharini. Mgeni ukialikwa kushiriki mazungumzo ya namna hiyo, kubali chai, angalia jiko, nyamaza.

Tuyaache hayo, ulikuja kupumzika. Ukitaka kumwona mtu ambaye amewekwa juu kwa kazi, tafuta ulingo, wengine huuita dungu. Ni nguzo nne, jukwaa la fito na paa la nyasi, katikati ya shamba la mpunga huko bondeni au la mahindi karibu na msitu. Juu yake hukaa mtoto au mzee mwenye kombeo na debe bovu. Kwa mbali utamwonea wivu: kivuli anacho, upepo anao, anaona shamba zima. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna mwingine anayetua. Kwelea-kwelea wakija anapiga debe, kima wakija anatupa jiwe, na akisinzia nusu saa tu, familia inapungukiwa gunia. Wanasiasa walilipenda neno hilo wakalichukua, nao wana ulingo wao, na kazi yao huko juu haina tofauti kubwa.

Pumziko la juu lenye uhalali kuliko yote nimeliona juu ya Fuso la kabichi linalotoka Nyandira. Vijana wa kupakia wamekesha wakirusha magunia, gari limejaa hadi limepita kingo zake, kamba zimefungwa, na wao, kwa kuwa mbele kumejaa, wanapanda juu ya mzigo na kulala chali. Gari linashuka kona baada ya kona kuelekea Sangasanga, bonde liko chini ya kisigino chao, nao wanakoroma. Hakuna hoteli ya mlimani yenye usingizi wa namna hiyo. Simshauri msomaji kujaribu. Trafiki hawapendi, na ili ulale vizuri pale juu lazima kwanza uwe umezipakia hizo kabichi.

Sasa sehemu ngumu ya mwongozo. Milima haikutani, binadamu hukutana, na njia ya Morningside inatosha mtu mmoja na nusu. Asubuhi ukiwa unapanda na mrija wako mdomoni, kutoka Choma na vijiji vya jirani wanashuka akina mama na mikungu ya ndizi, vikapu vya karoti, mafungu ya mboga, kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2021. Pisha. Pishia upande wa mlima. Mgeni anayepishia upande wa bonde huanza kutua mapema kuliko alivyopanga.

Salimia kwanza: shikamoo mama, pole na mzigo. Ataitikia marahaba mwanangu, nimeshapoa, hata kama jasho linamwingia machoni. Usimuulize ni kilo ngapi. Usimwambie kwamba mazoezi kama hayo mjini watu wanalipia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kutoka pale ulipojibanza kumpisha utaonekana mwepesi hasa, kwa namna anavyoutembeza bila kuushika.

Halafu mtazame anavyopumzika, maana hapa ndipo shule ilipo. Mwenye mkungu kichwani akiwa peke yake hauweki chini ovyo. Kuuweka si tatizo. Tatizo ni kujitwika tena bila mtu wa kumsaidia. Kwa hiyo anatafuta jiwe au kingo ya njia iliyo usawa wa bega, anajisogeza, anauhamishia pale mzigo taratibu, ngata inabaki kichwani, anapumua. Jiwe la kazi hiyo halichaguliwi kwa mandhari. Linaweza kuwa limegeukia kichaka. Linatafutwa kwa kimo chake, na kwa bahati mbaya kimo hicho hicho ndicho kinachomfaa mgeni kuning'iniza miguu na kupiga selfi, mikono ameitandaza kama mwewe.

Kwa hiyo ukijikuta umekalia jiwe kando ya njia, limesuguliwa likalainika juu, ukalipima ukaona lingemfika begani mama wa kimo cha kawaida, nyanyuka. Umekalia kituo. Cha kweli, tofauti na vile vitatu vya mwanzo. Picha kapige penye majani, hakuna anayeyahitaji.

Ikitokea jiwe hakuna, ila uko wewe, atakwambia: nitue, mwanangu. Hapo ndipo mwongozo huu wote ulikuwa ukielekea, na hapo ndipo wageni wengi huanza kutafuta mahali pa kuweka simu. Iweke mfukoni. Tupa fimbo za aluminiamu. Simama mbele yake, uso kwa uso, miguu umeitanua, pokea kwa mikono miwili kutoka chini ya mkungu, si kwa kushika ndizi za pembeni, zitakatika na utazilipa. Kunja magoti kidogo unaposhusha. Utaguna; kila mtu huguna. Yeye hatacheka, atatazama pembeni kukuhifadhia heshima. Utomvu utakudondokea kwenye shati na doa lake halitoki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo utakuwa na ushahidi bora wa safari kuliko picha.

Akiwa amekaa, kaa naye. Mnunulie ndizi hapo hapo ukitaka, na usidai punguzo kwa sababu eti umemsaidia. Usinunue mkungu mzima kwa huruma pia, ili asiteremke nao. Kuna watu sokoni wanamsubiri, ana chumvi na mafuta ya taa ya kununua, na kuna deni la mtu. Maongezi yatakwenda yenyewe. Atakuuliza umefuata nini huku. Ukisema umekuja kupumzika, ataitikia "ee" ndefu, yenye kupanda na kushuka, na utakuwa na muda wa kuifikiria siku nyingine.

Kisha anasimama, anaweka ngata sawa, na kukutazama. Maana aliyetuliwa hutwishwa, na kumtua mtu ni nusu tu ya kazi, tena ile nusu ambayo dunia ilikuwa inakusaidia kwa kuvuta upande wa chini. Kumtwisha ni kuunyanyua mkungu kutoka ardhini hadi juu ya kichwa chake kwa pumzi moja, yeye amechuchumaa kidogo, na kuuachia pale anaposema "haya", si kabla. Mikono ikianza kutetemeka usawa wa kifua, usione aibu, sema mapema, teremsha. Subiri apite mtoto yeyote wa darasa la tano. Mwite. Atashika upande wa pili, mkungu utapanda kirahisi, na kwa malezi mema aliyopata ataacha ionekane kwamba mliunyanyua wawili.